Ijumaa za Marehemu Anguzu

Tangu alipoachishwa kazi, Keji alikuwa na kipindi kimoja tu cha redio asichokubali kukikosa, nacho ni matangazo ya vifo ya saa moja asubuhi. Wapangaji wenzake wa mtaa wa Awindiri, mjini Arua, walidhani amekuwa mtu wa dini sana. Wapi! Huku Nile Magharibi, Uganda, tangazo la kifo halimtaji marehemu peke yake. Linawataja na ndugu zake walio hai, mmoja mmoja, pamoja na mahali wanapofanya kazi: kaka wa fulani wa idara ya maji, shemeji wa fulani wa benki, mjomba wa fulani wa shirika la misaada kule Koboko. Keji alikuwa na kalamu mkononi, na aliowaandika ni hao walio hai.

Miaka saba alikuwa mtunza ghala wa shirika lililogawa chakula kwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Kisha wafadhili wakafunga mkono, watu arobaini wakaitwa ukumbini, kila mmoja akapewa barua na soda. Ndani ya wiki moja Arua ikawa na watunza ghala wengi kuliko maghala. Keji alizunguka na bahasha zake hadi walinzi wa mageti wakamjua kwa jina. Barua zilimfikisha kwa mlinzi, na kwa mlinzi zikaishia.

Binti yake Alice, mwenye miaka tisa, alikuwa amempeleka kijijini Lurujo, upande wa Koboko, akae na bibi yake. Ilikuwa iwe kwa muhula mmoja tu. Kila walipoongea kwa simu mtoto aliuliza swali lilelile, "Mama, kazi iko?" Keji alijibu, "Bado kidogo." Hiyo "bado kidogo" ilikuwa imefikisha miezi kumi na moja, na Alice alikuwa ameanza kuuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Kwa hiyo Keji akaanza kwenda misibani. Usimcheke. Msibani mkubwa wa kazi hana mlinzi wala katibu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vimejaa vumbi, na kabla ya kula lazima anyooshe mikono anawishwe. Keji alikuwa akifika mapema, anachukua jagi na beseni, anafunga leso kiunoni. Mwanamke anayefanya kazi msibani haulizwi ametoka wapi. Upande wa mume walidhani ni wa upande wa mke, upande wa mke walidhani ni jirani. Alimimina maji polepole na kusema maneno machache tu: "Pole sana, mzee. Mimi Keji. Zamani mimi ilikuwa mtu ya stoo." Wengine walitikisa kichwa wakapangusa mikono. Wengine walimpa namba ya simu.

Namba hizo aliziandika nyuma ya karatasi ya ibada, ile yenye picha ya marehemu mbele, kwa kuwa karatasi nyingine hakuwa nayo. Kufikia Agosti alikuwa na karatasi ishirini na tatu ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Ili ampigie mtu simu ilimbidi aigeuze karatasi, uso wa marehemu wake ulale chini. Mwanzoni hakuona ubaya. Baadaye akajikuta anawaomba radhi kwanza, kwa sauti ya chini, "samahani, baba," "samahani, mama," ndipo anabonyeza namba. Hakuna aliyemwita kazini. Kopo lilijaa, na kulala juu yake kulianza kumtisha.

Asubuhi moja redio ikasema: Anguzu, wa kijiji cha Aroi, mtunza ghala wa mfanyabiashara Zéphyrin wa hapa mjini. Keji akaweka kalamu chini. Safari hii kazi iliyomshtua ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Alijichukia kwa dakika tano hivi, kisha akatafuta viatu.

Zéphyrin alikuwa Mkongo anayenunua kahawa na simsim, yaani ufuta, mtu mnene wa miraba minne, na siku ile macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia kweli. Aliponyoosha mikono juu ya beseni hata hakumtazama Keji. Alikuwa anasema na mikono yake mwenyewe.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Sasa nitamupata wapi mutu wa kujua gunia kama ule?"

Hapo mtu mwenye busara angemimina maji akaenda zake. Lakini mtu mwenye busara hakuwa na mtoto Lurujo.

"Yeye ndiye alinifundisha kazi, patroni," Keji akasema.

Ungebaki uongo mdogo wa kati ya jagi na beseni, lakini Zéphyrin alimshika kifundo cha mkono kwa mikono yake iliyolowa, akampeleka moja kwa moja kwa mwenye kipaza sauti. Zamu ya watu wa kazini ilikuwa imefika na wapagazi wa ghala walikuwa wanasukumana, kila mmoja akiona haya kusema. Keji akajikuta amesimama mbele ya jeneza la mtu ambaye sura yake aliiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kwenye karatasi. Akasema Anguzu alikuwa mvumilivu. Akasema alihesabu magunia kwa kuligusa kila moja kwa kiganja. Kisha, Mungu anajua kwa nini, kinywa kikitafuta pa kutokea, akaongeza:

"Na kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alikuwa naimba."

Sauti fulani ikapita katikati ya waombolezaji. Keji alidhani ni kilio. Mjane, Daniella, aliyekuwa amekaa mkekani kando ya jeneza, aliinua kichwa, akamtazama, na hakumwondolea macho mpaka Keji alipoketi.

Baada ya wiki moja Zéphyrin akapiga simu. Mwanafunzi wa Anguzu, alisema, hahitaji kuandika barua. Nusu ya mwaka yeye huwa Kongo akinunua kahawa, kwa hiyo hakujua nani aliwahi kupita ghalani mwake na nani hakupita.

Alice alishuka kutoka Koboko akiwa na mfuko mmoja na kuku kwapani, zawadi ya bibi. Keji alimshonea sare mpya kwa fundi wa Awindiri, na Jumatatu ya kwanza alisimama mlangoni akimtazama mtoto anavyoipapasa kola. Alifurahi hadi akaona aibu. Nasema hivyo ili ujue kazi ile ilikuwa nini kwake, kwa sababu yaliyofuata yalimfanya mara nyingi atamani kuikimbia.

Ghala lilikuwa barabara ya kwenda mpaka wa Kongo, nalo lilikuwa bado la Anguzu. Koti lake la kijivu lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Alama zake za chaki ya buluu zilikuwa kwenye magunia, mwandiko wake ulikuwa ukutani. Kigoda chake kilikuwa pembeni mwa mizani na wapagazi walikizunguka na mizigo yao mgongoni bila kukigusa. Keji aliomba koti liondolewe. "Acha ikae kwanza," Zéphyrin akasema, na likakaa. Kila asubuhi alipokuwa akifungua kufuli, Keji alihisi kwamba ndani kulikuwa na mtu aliyekuwa akifanya jambo fulani, na amelikatiza sasa hivi tu.

Ijumaa ya pili akaja Daniella. Alipanda pikipiki kutoka Aroi, akaingia ghalani bila kubisha, akaenda kukaa juu ya kile kigoda kisichokaliwa na mtu.

"Dada," alisema, "wewe ilikuwa na yeye huku. Niambie, yeye alikuwa namna gani?"

Keji alitazama mlango. Lakini mbele yake alikuwa mjane mwenye kitambaa cheusi kichwani, na wapagazi walikuwa wanasikia. Akasema Anguzu alipenda kuwatania wapagazi. Akasema alimwachia paka wa jirani kipande cha samaki. Daniella alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akashukuru, akaondoka. Ijumaa iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine.

Ikambidi Keji atunge mapema. Akiosha vyombo, akichagua nyanya sokoni, akimsuka Alice, kote alikuwa anamtunga Anguzu. Alimpa kicheko cha puani. Alimpa tabia ya kuvunja vidole akifikiri. Alimpa nyimbo tano. Na kadiri alivyompa vitu ndivyo mtu yule alivyozidi kuwa mzima, hadi siku moja Alice akauliza, "Mama, Anguzu ni nani? Wewe namuita jikoni." Keji hakukumbuka kuita jina. Alikaa kitako juu ya ndoo.

Hakuogopa mzimu wa yule aliyemtunga. Huyo alikuwa amemzoea, tena alikuwa mtu mzuri. Aliyemwogopa ni yule wa kweli, mwenye koti. Keji alimchukulia kazi, na sasa kila Ijumaa alikuwa anamchukulia na nafsi yake. Alimwona amesimama mahali fulani nyuma ya magunia, anasikiliza.

Siku moja alishindwa kuvumilia, akamwuliza Swaka, mpagazi mzee kuliko wote, Anguzu alikuwa akipenda kuimba wimbo gani. Swaka alitua gunia chini ili acheke vizuri.

"Kuimba? Anguzu? Mimi nafanya kazi na yeye miaka kumi na moja. Sauti yake mimi nasikia labda mara kumi. Yeye alikuwa nyamaza tu. Hata kanisani hapana fungua mdomo."

Ndipo Keji akaelewa ile sauti iliyopita katikati ya waombolezaji. Hakikuwa kilio. Aroi nzima ilijua kwamba anadanganya, hata wapagazi waliomfichia tu, na mjane alijua kabla ya wote. Basi Daniella alikuwa anakuja kukusanya uongo, Ijumaa baada ya Ijumaa, na siku utakapotosha ataubeba wote na kuutua mbele ya Zéphyrin. Zéphyrin alimwajiri mwanafunzi wa Anguzu. Mwanafunzi huyo hakuwahi kuwapo. Alice atarudi Lurujo na sare yake mpya, na safari hii hataulizia kazi tena kwenye simu.

Wiki ile Keji hakula vizuri. Ijumaa ilipofika aliamua kusema kabla hajasemewa. Aliwatuma wapagazi wakaanike simsim nje, akamsubiri Daniella aketi kigodani.

"Mama Afedra," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mimi hapana jua bwana yako. Hata siku moja. Mimi nilisema uongo mbele ya sanduku yake, sababu mimi nataka kazi."

Daniella alilitazama koti msumarini.

"Mimi najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe nasema yeye naimba."

"Sasa kwa nini wewe nakuja?"

Mjane alivuta kitambaa chake mbele kidogo. Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Keji zaidi.

"Nyumbani yeye alikuwa nyamaza. Mimi nazaa na yeye watoto ine, mimi hapana jua ndani ya roho yake iko nini. Mimi nafikiri yeye iko na maneno, lakini si ya mimi. Nafikiri yeye naacha huku, kwa kazi. Basi yeye nakufa, na wewe nasimama, nasema huku yeye alikuwa naimba. Mimi najua ni uongo. Lakini moyo yangu nasikia." Akakishika kigoda kwa mikono miwili. "Kama yeye hapana imba nyumbani, na huku hapana imba, basi yeye nakufa na yote ndani. Mimi siwezi kulala na hiyo, dada. Mimi nataka ile yako."

Keji alimwonea huruma. Lakini alikuwa mama pia, na swali lilikuwa limemkaa kifuani.

"Na patroni? Utamwambia?"

Daniella alimtazama vilevile alivyomtazama siku ya mazishi.

"Wewe nasema kwa mimi kila Ijumaa. Kwa nini mimi niambie yeye?" akajibu. "Sema. Juma hii yeye aliimba nini?"

Nje wapagazi walikuwa wakisambaza simsim kwenye maturubai. Anguzu wake wa kutungwa alikuwa amekufa pale pale, alipokiri. Wa kweli peke yake ndiye aliyebaki, amenyamaza, na koti lake. Basi Keji akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya Ijumaa zote zile. Akaimba. Ulikuwa wimbo wa Kikakwa, lugha ya kwao Lurujo, aliousikia kwa bibi yake akitwanga mihogo, wimbo ambao Mlugbara wa Aroi kama Anguzu asingekuwa na pa kuujulia. Daniella alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, na kichwa chake kikaanza kufuata. Nje wapagazi waliacha kazi. Swaka alichungulia mlangoni, akaondoa kofia.

Keji yuko palepale hadi leo. Alice sasa yuko darasa la tano na anaongoza kwa hesabu. Daniella bado anakuja kila Ijumaa. Lile kopo la biskuti Keji alilizika Lurujo, kwenye shamba la mama yake, na hajarudi tena msibani na jagi.

Lakini ukipita barabara ile asubuhi mapema utamkuta mbele ya mlango wa ghala, ufunguo mkononi, akiimba wimbo mzima mpaka mwisho kabla ya kugusa kufuli. Wapita njia husema yule mama ana furaha kweli. Swaka peke yake ndiye aliyewahi kumwuliza, na alimjibu ukweli: anaogopa kwamba siku asipoimba, atamsikia mtu ndani ameanza kuimba.