Nilivyopinga Wageni Bwenini

Uso bado unaniwaka ninaposimulia haya. Uongozi wa bweni letu la wasichana, hapa Doornfontein, mjini Joburg, ulitaka kuwaruhusu wazazi wa wanafunzi wapya waingie kuangalia vyumba. Nilisimama mkutanoni nikapinga kwa maneno makali. Nilisema sisi si wanyama wa kutazamwa, na wenzangu wakanipigia makofi. Hawakujua kwamba chumbani kwangu alikuwa amejificha mama yangu, aliyefukuzwa kwenye fleti yake ya Hillbrow. Angeonekana, tungelala nje sote wawili.

Tulipopiga kura, upande wangu ukashindwa. Jumamosi msimamizi akaja na wageni, akifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Nikamvalisha mama kitenge chake kizuri, na walipoingia kwangu nikamsukuma katikati yao, aonekane mzazi mgeni kama wengine.

"Mama, tingisha kichwa tu. Usiongee," nilimnong'oneza.

Akatii. Alikikagua chumba kana kwamba hajawahi kukiona, nami nikajiona mjanja kuliko watu wote wa Joburg.

Tulipofika bafuni, baba mmoja akauliza kama maji ya moto yapo. Msimamizi akajibu kwamba yapo saa zote.

Mama hakuweza kuvumilia. "Asubuhi tu, baba," akasema kwa upole. "Jioni binti yako atachemsha kwenye birika, kama sisi."

Msimamizi akamgeukia.

"Sisi nani, mama?"

Mama akanitazama mimi. Wageni wote nao wakanitazama.