Rundo la Jirani

Chuoni nilikuwa nasomea biashara ya mitindo, yaani namna ya kuchagua nguo, kuzipanga na kuziuza. Ulipofika muda wa fildi, mafunzo ya kazini, wenzangu walipata maduka ya vioo Arusha. Mimi niliandika barua nyingi, na aliyenipokea ni mama mmoja muuza mitumba wa Katesh, anayeimba kwaya moja na mama yangu. Nilinuna njia nzima. Tangu utoto nilikuwa na ugonjwa wa kujiona, na chuo kilikuwa kimeumwagilia maji.

Mama huyo hakuwa na hanga hata moja ya kutundikia nguo. Akifungua belo la nguo alilimwaga kwenye turubai mbele ya mlango, wateja wakainama, wakafukua, wakanyang'anyana sweta, wakacheka, wakanunua. Mwalimu wangu angekuja kunikagua siku ambayo hakuitaja, na bila alama zake na sahihi ya mwenye duka ningerudia mwaka. Nikilitazama lile rundo nilijiona narudi nyumbani Nangwa kupalilia maharage.

Wiki ya pili Mama, mwenye duka, akaenda msibani Tumati kwa siku tatu. Paka akiondoka, panya hutawala. Niliazima hanga, nikatundika kila kitu kuanzia rangi nyepesi hadi nzito, nikadeki sakafu mpaka ikang'aa. Wateja walifika mlangoni, wakavua gambuti, wakachungulia, wakaondoka taratibu. Mmoja aliuliza harusi ni ya nani. Bibi mmoja kutoka Endasak aliingia na soksi, mikono nyuma, akazunguka duka zima bila kugusa kitu.

"Hongera, mjukuu wangu, umepanga vizuri," akasema. "Sasa zile za kuuza ziko wapi?"

Siku zote tatu niliuza jozi moja ya soksi, tena mnunuzi nilikuwa mimi mwenyewe, kwa ajili ya baridi.

Mama aliporudi hakunigombeza, ingawa ningependelea anigombeze tumalize. Alizitazama hanga, akaniambia nizimwage nguo zote turubaini. Nilimsihi, nikamweleza habari za mwalimu hadi sauti ikanikauka. Mwishowe alikubali zilizotundikwa zibaki mpaka nikaguliwe, yeye akafungua belo jingine nje. Nikawa namsaidia rundoni, lakini kila gari lilipopunguza mwendo nilikimbilia ndani kusimama na hanga zangu.

Siku ya mnada, mji ukiwa umejaa wanunuzi, mwalimu akatokea. Alikuwa amevaa shati jepesi, na upepo wa mlima Hanang haukumwonea huruma. Alipita kati ya hanga huku akiandika, uso umejaa kuridhika. Kisha akaelekeza kalamu nje.

"Na lile rundo ni la nani?"

"La jirani," nikasema.

Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika sweta la mtoto. Alisikia, na hakugeuka. Nilitamani ardhi inimeze. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuirudisha kauli yangu.

Mwalimu alitoka akaanza kufukua rundo, kwanza kwa vidole viwili, baadaye kwa mikono yote. Makoti mazuri yalikuwa ndani, nimeyatundika, na alikuwa ameyapita bila kugusa hata moja. Akapata koti la sufu, akalivaa, akalipa kwa simu. Huku akifunga vifungo akamuuliza Mama kuhusu yule binti wa duka la jirani, kazi anafanyaje.

Mama alifikiri.

"Ana bidii, na mkono wake wa kupanga ni mzuri," akasema. "Kasoro yake ni moja tu. Anatuonea aibu."

Mwalimu aliandika, akafungua ukurasa wa sahihi, akauliza mwenye duka yuko wapi. Watu wote waliokuwa wameinama rundoni wakainua vichwa kunitazama.

"Ni huyo, mwalimu," nikasema nikimwonyesha Mama, machozi yakinitoka. "Rundo ni la duka hili. Nilidanganya."

Mwalimu aliniangalia, akaliangalia koti lake, akamnyooshea Mama ukurasa. Mama alichukua kalamu, akaandika jina lake lote herufi kwa herufi, akapiga sahihi chini yake. Kisha akanirushia lile sweta la mtoto.

"Haya, jirani," akasema, "njoo utusaidie kuuza."