Fundi Aliyerudi Kiberege Kununua Piano

Jumanne iliyopita asubuhi nililetewa habari kwamba yule fundi seremala wa karibu na soko la Ifakara amefariki, baada ya kusumbuliwa na kifua kwa majuma kadhaa. Wengi wenu mnaosoma safu hii mmewahi kupita kwenye mlango alioutengeneza yeye, hata kama hamkujua. Tulimzika kesho yake. Jeneza lake lilitengenezwa na fundi mwingine, kwa haraka, na vichwa vya misumari vilionekana kila upande. Nadhani hilo lingemuudhi kuliko kifo chenyewe. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulisalimiana njiani, tulikaa mabenchi ya jirani kanisani, na mara moja tu tulisafiri pamoja, miaka sita iliyopita, kwenda Kiberege kuwanunulia watoto wake piano. Safari hiyo imenikaa kichwani tangu mazishini, na siwezi kuandika jambo jingine juma hili.

Watu walishangaa seremala anataka piano ya nini. Alikuwa na watoto watatu, mkubwa wao msichana wa miaka kumi na mmoja. Mambo yalianza alipoitwa kanisani kukarabati kinanda ambacho sanduku lake lilikuwa limeanza kuliwa na mchwa. Alipokuwa akipima mbao, alipima pia meno, yaani vile vipande vyeupe na vyeusi anavyobonyeza mpigaji. Nyumbani akachonga ubao wa urefu uleule, akachora meno yote kwa rangi, na juu ya kila jino jeupe akaandika namba, kuanzia moja upande wa kushoto. Katekista mpiga kinanda akamtajia namba za nyimbo, naye akaziandika kwenye daftari. Kinanda cha kanisa hakikuguswa na watoto, basi wa kwake walijifunza kwenye ubao usio na sauti. Mnajua jinsi familia za bondeni kwetu zinavyohamia shambani mpunga unapokaribia kuiva. Siku moja nilipita na baiskeli nikawaona wale watoto juu ya dungu wakilinda ndege: mmoja anapiga debe, mwingine anarusha udongo kwa kombeo, na yule msichana amepiga magoti mbele ya ubao, vidole vinakwenda huku na huku, wimbo anauimba mwenyewe. Nilicheka, nikaendelea na njia yangu.

Mwaka ule mzungu mmoja wa kilimo aliyekaa Kiberege alikuwa anarudi kwao na mkewe, na fundi aliitwa kuwatengenezea masanduku ya kufungia vyombo. Sebuleni akaona piano ya kusimama, imeegemezwa ukutani. Akaambiwa haisafiri, inauzwa, na isipopata mnunuzi hadi kesho yake itapakiwa kwenye lori kwenda kwenye klabu ya wazungu Kilosa. Jioni hiyo akaja kwangu. "Mwalimu, kesho twende ukanisaidie Kiingereza. Mpunga wangu nimeshauza." Nilidhani tunakwenda watu wazima wawili. Asubuhi nikamkuta kwenye lori la pamba, amekaa na binti yake.

"Shikamoo, Mwalimu," msichana aliniamkia.

"Marahaba. Na huyu naye anakwenda kufanya nini?"

"Ndiye atakayeipiga," fundi alinijibu. "Mimi najua mbao tu."

Sikupendezwa. Kwetu kitu kikubwa hununuliwa na wakubwa, ng'ombe au baiskeli au cherehani, na mtoto huitwa kikishaletwa nyumbani.

Tulipofika, memsahibu, yule mke wa mzungu, alitukaribisha sebuleni, na fundi aliizunguka ile piano kama anayenunua nyumba. Akagonga mbao, akainama kunusa ndani, akapiga magoti kutafuta mchwa. Akaridhika. Kisha akamwambia binti yake apige wimbo wa Noeli aliouzoea kuliko nyimbo zote. Kumbukeni kwamba mtoto yule hakuwahi kugusa jino lenye sauti maishani mwake. Akasimama mwisho kabisa upande wa kushoto, akahesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza, mpaka akaifikia namba yake, akaanza. Sauti ilitoka nzito na wimbo umepinda. Noeli yote ikageuka msiba. Akaacha, akahesabu upya, akapiga tena, na mambo yakawa yaleyale. Fundi akakunja uso. "Mwalimu, mwambie piano yake imeoza ndani. Anataka kutuuzia sanduku tupu, huyu ni mwongo." Nami, kwa Kiingereza changu cha darasani ambacho sikupata nafasi nyingi za kukionyesha, niliyasema hayo na kuongeza ya kwangu: kwamba sisi si wajinga, na kwamba siku za kumdanganya Mwafrika zimekwisha. Memsahibu akawa mwekundu usoni, akatufungulia mlango, tukatoka. Kusema kweli nilijiona bingwa.

Tulikaa kando ya barabara kungoja lori la kurudi Ifakara. Fundi alitazama kule tulikotoka. Alikuwa ameitamani sana ile piano. Binti alikuwa anachorachora mavumbini kwa kijiti, kisha akaita, "Baba."

"Sema."

"Piano siyo mbovu. Ile ni ndefu kuliko ubao wetu, meno yamezidi huku na yamezidi kule. Mimi nilianza kuhesabu kutoka pembeni. Wetu una meno meupe thelathini na sita, ile inapita hamsini."

"Mbona hukusema mle ndani?"

"Mlikuwa mnaongea watu wakubwa."

Lori likatokea. Mimi nilisimama, nikajipangusa vumbi, nikamwambia fundi tupande. Maneno tuliyomwambia yule mama hayakuwa ya kurudi kuyafuta, tena kwa kauli ya mtoto! Utu uzima wetu ungekwenda wapi? Fundi alimtazama binti yake, akanitazama mimi. "Mwalimu," alisema, "yeye amehesabu. Mimi na wewe hatukuhesabu." Akampungia mkono dereva aende zake.

Mlangoni alivua kofia. "Mwambie hivi: piano yako ni nzima. Waliokosea ni sisi. Nimekuita mwongo na haikuwa kweli. Naomba radhi, na kama bado unaiuza, naitaka." Nikatafsiri kwamba tumefikiri upya na tungependa kuitazama tena. Fundi akanigeukia. "Mwalimu, mbona ya kwangu yalikuwa marefu na ya kwako mafupi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Akayasema yote mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, mbele ya binti yake na mbele ya mpishi aliyekuwa amesimama na trei, na memsahibu alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuyaelewa. Hakutabasamu. Alimwita msichana, akamwonyesha jino lililo karibu na tundu la ufunguo wa kifuniko, akasema, "Hapa katikati." Msichana akalitazama, akanong'ona, "Basi hili ndilo la kumi na tano," akaweka vidole. Wimbo ukatoka wote, kama tunavyouimba. Yeye mwenyewe alishtuka, akatoa mikono, kisha akairudisha haraka. Baba yake aligeuka akaanza kuchunguza kizingiti cha dirisha ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Memsahibu hakupunguza bei hata senti, wala fundi hakuomba apunguziwe.

Piano ile bado iko Ifakara, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa kwa ajili ya mchwa, na watoto wote watatu wanaipiga. Lakini si muziki unaonifanya niandike. Siku hizi tunazungumza sana juu ya kujitawala, nami naitaka siku hiyo ifike. Ila nimekaa kwenye vikao vya kutosha, vya shule na vya ushirika wa pamba, kuona jinsi mkubwa aliyekosea anavyoachwa aendelee kukosea, kwa sababu walio chini yake wanangoja wakubwa wamalize kuongea. Tunaita hiyo heshima. Sisi walimu ndio mabingwa wake, na mimi nimo.

Mwezi mmoja tu baada ya safari ile nilikuwa naandika ubaoni hesabu ya familia kumi na mbili zilizovuna madebe kumi na saba ya mpunga kila moja. Nikaandika jibu mia mbili kumi na nne. Mwanangu mwenyewe, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni mia mbili na nne." Nikatazama, nikaona kweli ni mia mbili na nne. Nikamwita mbele nikamchapa fimbo nne, nikasema ni kwa kupiga kelele. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kule Kiberege jinsi mwanamume anavyorudi, na bado nilimchapa. Tangu siku hiyo mtoto yule hajawahi kuniambia nimekosea. Sasa ni karani wa ghala huko Kilosa, huniandikia barua za adabu sana ambazo hazina kitu ndani.

Juma hili yuko nyumbani kwa likizo, na alinisindikiza mazishini. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia, "Ile hesabu ya madebe, siku ile darasani. Wewe ulikuwa sahihi."

"Nimeshasahau, Baba."

Tukatembea mpaka tukaanza kuziona nyumba za mtaani kwetu. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Jibu lako uliliacha ubaoni mpaka kengele ikalia. Wenzangu wote walilinakili."

Nilimwomba radhi palepale njiani, kwa kuchelewa. Ninyi wenye watoto na wanafunzi, mkikosea mbele yao, rudini siku hiyohiyo, lori liacheni liende.