Bibi Mwaija Hana Mtoto

Mimi na mama mkwe wangu hatupendani, na sioni sababu ya kulificha. Siku nilipopelekwa kutambulishwa kwake aliuliza kama kwetu Kilole chakula kinaliwa kwa zamu, maana nilikuwa mwembamba. Tangu hapo tumeishi kwa kununiana. Kwa hiyo haya ninayoyasema juu ya Bibi Mwaija yasichukuliwe kama sifa za mkwe mwema. Nayasema kwa sababu hasira niliyonayo kwa mume wangu ni kubwa zaidi.

Bibi alikuwa Kwamndolwa kwenye shamba lake, analima mihogo na kunde, na mchicha anaupeleka sokoni mwenyewe, kichwani, kwa miguu. Alishapita miaka sabini na bado aliinama kupalilia bila kushika kiuno. Mwanawe Abdulaziz, ndiye mume wangu, ana duka la saruji na mabati mjini Korogwe. Siku moja mteja alimtania kwamba ametoka kununua mchicha kwa mama yake, na mama hapunguzi bei. Watu dukani wakacheka. Abdulaziz hakula siku hiyo.

Kesho yake alikwenda na pikapu, akambeba mama yake na godoro lake na kuku wake, akamleta nyumbani kwetu Masuguru. Shamba akalikodisha. Bibi akapewa kochi jipya ambalo nailoni yake haijatolewa, televisheni mbele yake, na msichana wa kazi wa kumletea maji. Akishika ufagio, ananyang'anywa kwa adabu. Akiingia jikoni, maneno napewa mimi.

"Mama anachambua mboga na wewe upo? Watu watasema nini?"

Hao watu! Nimeolewa na mwanamume mmoja lakini naishi na mtaa mzima.

Haukupita mwaka, miguu ya Bibi ikavimba. Akawa anashika ukuta kwenda chooni, kisha hata ukuta ukamshinda. Nikawa namwogesha mimi, yeye ananitukana kwa Kizigua, mimi namjibu kwa Kiswahili, sabuni inatuingia machoni wote wawili. Daktari alimwambia Abdulaziz waziwazi kwamba mama haumwi kitu zaidi ya kukaa, atembee, aachiwe kazi zake ndogondogo. Mume wangu akaitikia vizuri sana, akaenda kununua stuli ya kuegeshea miguu. Alimheshimu mama yake mpaka akamlemaza, na sina neno laini zaidi la kulisema hilo.

Mimi nilichoka kubeba. Asubuhi moja nilimwekea maji bafuni, nikamwambia, "Mama, maji yako yale. Ukitaka kuoga njoo mwenyewe."

Alinilaani mimi na ukoo wangu. Lakini alikuja, akiburuta miguu na kutukana kila hatua. Kesho yake nikamwekea maji palepale, akaja tena, na siku zilizofuata vilevile. Abdulaziz akirudi anamkuta kwenye kochi, anadhani ameshinda hapo. Hakuna aliyemwambia. Bibi alinyamaza kwa sababu zake, na mimi kwa sababu sikutaka kelele.

Kisha siku moja, Abdulaziz akiwa dukani, Bibi alijifunga khanga, akatoka getini, akapanda bodaboda, akapotea. Alitangazwa msikitini. Mume wangu akawaambia ndugu zake kwamba nimemfukuza mama yake kwa mdomo wangu. Tuliishi hivyo kwa miezi, mpaka mteja mmoja wa Handeni akasema kwenye makao ya wazee ya kwao kuna bibi wa Korogwe, mkali, anawasumbua wenzake kwenye mazoezi ya asubuhi. Nilijua ni yeye kabla hajamaliza kusema.

Tulikwenda watatu, mimi, Abdulaziz na baba yake mdogo, Sabiri. Tuliwakuta wazee uwanjani wananyoosha viungo, wengine wamesimama, wengine kwenye mabenchi. Bibi Mwaija alikuwa mbele, amepungua, miguu haina uvimbe, anamgombeza mzee mmoja.

"Inua mkono, Habakuki. Hujafa bado."

Mazoezi yalipokwisha alichukua beseni aende bustanini kupalilia. Hapo ndipo Abdulaziz alipomzuia njia, na msimamizi wa makao, mama mmoja anayeitwa Hosiana, akaja.

"Shikamoo," Abdulaziz alimsalimia. "Huyu ni mama yangu. Nimekuja kumchukua."

Hosiana alimtazama, akamtazama Bibi. Pua ilikuwa moja, hata kipofu angeigusa akajua.

"Hapa tunapokea wazee wasio na mtu," alisema. "Bibi alituambia hana mtoto. Kama ni mama yako, ataondoka na wewe leo hii, sina ruhusa ya kumweka. Bibi, huyu ni mwanao?"

"Sina mtoto," Bibi alisema.

Baba mdogo Sabiri alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Abdulaziz akapaza sauti kwamba mama yake amechanganyikiwa, ni mgonjwa, miguu imekufa, hajiwezi, hata kuoga anaogeshwa. Akatoa simu kuonyesha picha. Picha zote mama yuko kwenye kochi, uso umejaa, miguu juu ya stuli imevimba. Hosiana aliziangalia kwa utulivu, akamwangalia bibi aliyesimama na beseni lake.

"Mgonjwa huyo wa kwenye picha anaogeshwa na nani?"

"Na mke wangu huyu."

"Basi aseme yeye. Anayemwogesha mtu ndiye anayemjua."

Wote wakanigeukia. Bibi alinitazama kwa dharau ileile ya siku zote, hakunibembeleza hata kwa jicho. Nilimchukia sana wakati ule. Nikikubali, anarudi kwenye kochi, na nikikataa, ndoa yangu imekwisha. Nikamwangalia mume wangu, amekunja uso, anasubiri nimtii mbele za watu.

"Mama yake Abdulaziz hawezi kutembea," nilisema. "Huyu simjui."

Bibi akajitwika beseni, akaenda zake bustanini. Hakunishukuru.

Abdulaziz alituendesha mpaka Korogwe. Alisimamisha gari Kilole mbele ya nyumba ya wazazi wangu, akafungua mlango wangu bila kuzima injini. Nipo hapa hadi leo. Baba mdogo Sabiri anakuja na kurudi kwa maneno yaleyale, kwamba nikikiri mbele ya ukoo kuwa nilisema uongo, nitarudishwa kwangu na Bibi atarudishwa nyumbani apumzike. Juzi amekuja tena. Nimemkaribisha chai, akanywa, nikamwambia akamjibu aliyemtuma kwamba bibi huyo simjui.