Jasusi wa Kwenye Kona ya Barua

Mtaani walimwita Mchina, ingawa Uchina kwenyewe alikanyaga mara moja tu, wiki tatu, akarudi na tumbo la kuendesha na bunda la picha za barua za serikali za miaka ya vita. Bunda hilo ndilo lililompa mkate wa ualimu wa historia chuoni kwa miaka ishirini na sita.

Kichina alikisoma kwa kamusi, neno moja moja, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Kwenye kona ya kila barua alikuta alama mbili zilezile, zinazosomeka Fu Ben. Moyo ukamruka. Ni nani huyu, yumo kwenye barua za magavana, majenerali na mabenki, lakini ndani hatajwi hata mara moja? Hakutaka kuhangaika na kamusi kwa jina la mtu. Akajijibu: jasusi! Akamwandikia kitabu cha kurasa mia nne, sura nzima ikihusu upweke wa Bwana Fu Ben. Mwanafunzi aliyesahau mwaka wa kifo cha jasusi huyo, mwaka ambao Mchina mwenyewe aliukisia, alifelishwa bila huruma.

Mkewe, karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, aliwahi kuzitupia jicho zile picha akipanguza meza.

"Baba watoto, mbona huu kama muhuri? Sisi kazini huwa tunagonga hapohapo..."

"Mama watoto, hii ni historia, siyo mafaili ya viwanja."

Mama watoto akaendelea kupanguza.

Ulibaki uprofesa tu. Aliutaka kufa na kupona. Hata kibao cha mlangoni alikiachia nafasi mbele ya jina. Siku ya jopo, mwalimu mpya wa Kichina, binti wa juzi tu, alifungua kitabu penye picha, akakohoa.

"Samahani, mzee wangu. Fuben maana yake ni nakala."

"Nakala ya nani?" Mchina akafoka.

"Ya barua, mzee."

Mwenyekiti akatazama dari. Mmoja akacheka puani.

Barua ya kumnyima uprofesa ilifika Jumatatu. Ile halisi ilikwenda kwa mkuu wa kitivo. Mchina aliisoma amesimama, aibu ikimchoma mpaka masikioni. Mkewe akaipokea, akaikagua kimasjala, akaweka kidole kwenye kona, juu ya muhuri mwekundu: NAKALA.

"Baba watoto," akasema, "yule jasusi wako kaingia mpaka chuoni kwenu."