Njia Aliyoishindilia Bogumiła

Mvua iliyonyesha katika mji wa Leszno, Polandi, asubuhi ya fainali ya dunia ilikuwa ya kukomoa. Watu walikwisha kujaa uwanjani na skafu zao nyekundu na nyeupe, wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, na wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja: Bogumiła Wrzos, mwanamke wa miaka hamsini na minane, juu ya trekta lake kuukuu. Yeye ndiye aliyeitengeneza njia ya udongo ya mbio za pikipiki. Pikipiki zile hazina breki, na njia ikiwa mbovu mtu huvunjika shingo. Msimamizi wa kimataifa, Mcheki asiyependa maneno, alikuwa amempa saa mbili. Njia isipofaa, fainali ingehamishiwa nchi nyingine.

Na aibu ingekuwa ya nani? Yake, ya nani mwingine! Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameitunza njia hiyo kuliko alivyotunza goti lake bovu.

Alikwangua tope la juu, akalisukumia kwenye uzio, akaanza kushindilia kwa magurudumu. Kocha wa Polandi, Zenon Pluta, akamsimamisha.

"Bi Bogusia, roho yangu," alisema kwa sauti ya kubembeleza, akilifupisha jina lake kama Wapolandi wanaozoeana, "hilo tope la kwenye uzio liache hapohapo. Vijana wetu wamezoea kupita nje, kwenye udongo laini. Wadenmaki wakijaribu watateleza tu."

"Na wakivunjika?"

"Si wasipite huko! Kwani wewe Mpolandi au nani?"

"Mpolandi, tena kukushinda. Toka mbele ya trekta, Zenek, nisije nikakupitia na suti yako hiyo."

Akalizoa tope lote, hadi koleo la mwisho, kisha akashindilia nje na ndani sawasawa. Mcheki akaja na viatu vyake vizito, akakanyaga kwa kisigino ndani, katikati, na kwenye uzio. Mcheki akaitikia kwa kichwa, uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Zilikuwa mbio ishirini. Kila baada ya nne, Bogumiła alirudi na trekta kusawazisha. Mbio ya mwisho ilianza Polandi na Denmaki zikiwa sawa kwa pointi. Waliingia kona ya mwisho bega kwa bega, Mpolandi nje, Mdenmaki ndani, na Mdenmaki akatangulia kwa nusu gurudumu. Denmaki ikachukua ubingwa. Bogumiła aliumia, tusidanganyane.

Wadenmaki wakamrusha nahodha wao juu mara tatu, kama ilivyo desturi. Aliposhushwa, nahodha huyo, Mads Overby, akavuka njia mpaka kwenye trekta. Alikuwa akiendesha katika ligi ya Polandi, na Kipolandi chake kilikuwa cha kuchechemea.

"Mama, mbio ishirini. Hakuna aliyekwenda hospitali."

Waendeshaji wa Polandi wakamfuata, macho bado mekundu. Wakamshusha Bogumiła kitini, wakashikana na Wadenmaki, wakamrusha.

"Goti langu, wajinga nyie!" alipiga kelele, akicheka na kulia. Watu wote wakasimama. Alijivuna, wala hakuona sababu ya kuficha.

Walipomweka chini, Zenon alikuwa amesimama pale, suti imejaa matope.

"Mwakani utanisikiliza?"

"Hata mwakani sikusikilizi, Zenek."

Zenon akamshika mkono, akaubusu kwa heshima.