Familia Yangu ya Mikate

Sasa nacheka, lakini wiki jana nilitamani kujificha ndani ya tanuri. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Likasi. Redio ilitangaza kwamba wakaguzi wa kazi wanapita kila mahali kuangalia kama wafanyakazi wana mikataba ya maandishi. Wangu watano hawakuwa na hata mmoja. Basi baada ya sala ya asubuhi, amina ikiwa bado mdomoni, nikawafundisha uongo.

"Mukaguzi akiwauliza, museme muko batoto yangu. Familia haina mkataba."

Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akafika saa tatu. Akawauliza mmoja mmoja. "Ni papa yetu," wakajibu wanne. Nikaanza kujiona mjanja. Ndipo akamgeukia Mama Odette, anayekanda unga. Ana miaka sitini, na weupe wa kichwa chake si wa unga. Mimi nina arobaini.

"Na weye, mama?"

"Miye ni mutoto yake wa kwanza."

Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaniwekea mezani fomu tano za mikataba na kalamu.

"Haya, papa, andika. Anza na huyu mukubwa."

Mama Odette, miaka kumi na miwili kwangu bila karatasi, alikuwa ameshafuta mikono ili atie sahihi.